Strati baa kwa gari la kila siku: tukague bushi kwanza

"Kakangu, nikiweka hii, ule mlio wa ngo-ngo utaisha?"

Aliyeuliza ni mwalimu anayeshuka mjini kila asubuhi kutoka Mikindani kwa Fielder yake. Mkononi ana simu, na kwenye simu kuna picha ya bomba jekundu linalong'aa, limelala juu ya injini kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mpwa wake ameweka kwenye Subaru na kumwambia kuwa gari limekaza kama ubao.

Hapa gerejini kwetu Shimanzi hatumalizi mwezi bila kuulizwa habari za bomba kama hilo, yaani strati baa (na wewe uliyeanza kucheka, baa hii si zile za Mtwapa). Tunaziuza na tunazifunga, kwa hiyo sina sababu ya kuzisema vibaya. Lakini mwalimu hatukumuuzia. Tulipiga gari jeki, nikatia mtalimbo kwenye mkono wa chini wa kushoto, ule unaoshika gurudumu kwa chini, na bushi, raba ya kwenye kiungo chake, ikafungua mdomo kama kiatu kilichoachana na soli. Linki ya stebilaiza, kile kifito kinachounganisha gurudumu na chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona, nayo ilikuwa ikicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ngo-ngo yote ilikuwa hapo. Angefunga baa, angerudi na mlio uleule na chuma chekundu juu yake.

Ndiyo maana nimeona niandike, nipunguze kurudia maneno haya kaunta kila wiki.

Magari mengi madogo yanayopita Digo Road, kuanzia Vitz na Demio hadi Probox, Fielder na Impreza, mbele yana mfumo wa kushikilia magurudumu unaoitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Ford walianza kuutumia kwenye magari yao mwishoni mwa miaka ya 1940. Uzuri wake ni uchache wa vyuma: hakuna mkono wa juu. Shokomzoba yenyewe, ikiwa imevaa springi yake, ndiyo inayoshikilia gurudumu lisimame wima. Fungua boneti uangalie kushoto na kulia karibu na kioo cha mbele. Utaona vichwa viwili vya mviringo vilivyozungukwa na nati, mara nyingi tatu. Hiyo ndiyo minara. Kila shokomzoba imening'inia kwenye mnara wake, na mnara ni bati lililokunjwa na kuchomelewa kwenye bodi.

Ukikata kona kwa kasi, gari linaegemea tairi za nje, na mnara wa upande huo unasukumwa kuliko mwenzake. Bati hujipinda kidogo, pembe ya tairi nayo hubadilika kidogo, na dereva mwenye mkono mwepesi huhisi usukani unachelewa kujibu. Strati baa inaifunga minara miwili iwe kitu kimoja, mmoja ukisukumwa mwenzake anausaidia. Kazi yake ni hiyo tu.

Swali ni hicho "kidogo" ni kiasi gani. Tuliwahi kubishana hapa mpaka chai ikapoa, tukaamua kupima. Kwenye Vitz ya gereji tulifunga fito la alumini kwenye mnara wa kulia, likavuka injini hadi mnara wa kushoto bila kufungwa upande huo. Kwenye ncha tukatia kalamu ya risasi, na chini ya kalamu tukabandika kipande cha karatasi. Mnara ukisogea, kalamu inachora. Tukatoka Shimanzi, tukavuka daraja la Nyali, tukazunguka Links Road, tukarudi kwa Kongowea na matuta yake yote. Tulipofungua boneti, alama ilikuwa fupi kuliko punje ya mchele. Na sehemu ya alama hiyo, nina hakika, ni mtetemo wa fito lenyewe.

Sasa fikiria gari la kwenda kazini. Mjini kasi halali ni kilomita 50 kwa saa, na ukiwa nyuma ya matrela ya Changamwe hata 20 huzipati. Kona yako kali ya siku ni raundabauti, nayo unaingia ukiwa umebanwa na tuktuk pande zote mbili. Kwa mwendo huo minara haina cha kujipindia. Bodi nyingi za siku hizi ni ngumu kuliko zile za miaka ya 1980 zilizoipa baa hii sifa yake, na baadhi ya magari yameshatoka kiwandani na chuma cha kuunganisha minara chini ya plastiki za waipa. Watu wanalipia kitu ambacho gari lao tayari linacho.

Wateja wetu wa Likoni huniambia: lakini nikipanda feri nasikia bodi inalia. Ni kweli. Pale kwenye mlango wa feri gurudumu moja linapanda kabla ya jingine, na gari linasokotwa kutoka kona hadi kona, mbele kulia dhidi ya nyuma kushoto. Huo ni msokoto wa bodi nzima. Baa ya juu inashika minara miwili ya mbele isisogeleane wala isiachane, na msokoto wa namna ile inausaidia kidogo mno. Mara nyingi kinacholia ni raba ya mlango iliyokauka kwa jua au mauntingi ya shokomzoba (raba na bamba linaloshika kichwa chake kwenye mnara) iliyokufa.

Kwa hiyo mtu akija kutaka baa tunamwomba nusu saa kwanza. Tunaanza na upepo wa tairi, na usicheke: robo ya magari yanayoletwa hapa kwa kuwa "yanayumba" yangetoka kituo cha mafuta yamepona. Halafu tunaangalia tairi zimelika wapi. Zikilika upande wa ndani peke yake, tatizo liko kwenye alaimenti, yaani pembe za magurudumu, au bushi, na baa haitarudisha pembe iliyopotea. Tunabonyeza kila kona ya gari na kuiachia. Ikiendelea kudunda kama dau lililofungwa gatini, shokomzoba zimekwisha. Mwisho tunaweka mkono juu ya mauntingi huku mwenzetu anazungusha usukani. Ikigonga au kuruka kiganjani, imeachia, na baa itakuwa inafunga kitu kilichooza kwa kitu kingine kilichooza.

Pesa ya kwanza iende huko. Bushi, linki, shokomzoba zikihitajika, kisha alaimenti. Madereva wengi wakishafanyiwa hayo wanatuambia gari limekuwa jipya, na hamu ya baa inaisha yenyewe.

Sasa nani aweke? Yupo. Tuna mteja ambaye kila Ijumaa jioni anapanda kwao Wundanyi, na aliyewahi kupita Mwatate kwenda juu anazijua zile kona zilizorundikana kama utumbo. Yeye anaendesha kwa kasi kidogo, tairi zake ni nzuri, shokomzoba ni mpya, bushi zote zimeshika. Kwa mtu kama huyo baa inasikika: usukani unajibu mapema, na mbele ya gari inatulia anapotoka kona moja kuingia nyingine. Ongeza pia mwenye gari la umri mkubwa lililoshushwa springi ngumu, kwa sababu springi ngumu inapeleka kishindo zaidi kwenye mnara. Na mwenye gari la kushindania, ila huyo haulizi, anakuja na vipimo vyake.

Mwenye Altezza au Mark X, wewe ngoja. Mbele ya magari hayo kuna mkono wa juu na wa chini, na kazi ya kushikilia tairi wima si ya shokomzoba peke yake. Baa utaiweka itakaa, lakini faida yake ni ndogo kuliko kwa mwenye Impreza.

Ukishaamua, chagua kwa mkono, usichague kwa macho. Baa nyingi za bei rahisi zina fito katikati na bawaba ya bolti moja kila upande. Zinazuia minara kuvutana na kusukumana, lakini kwenye bawaba zinazunguka, kwa hiyo mnara ukitaka kuinama unainama. Baa iliyochomelewa ikawa kipande kimoja ina nguvu zaidi hata kama rangi yake haivutii. Iliyo bora kwa kazi ngumu ina mguu wa tatu unaokwenda kushika ukuta ulio nyuma ya injini. Angalia pia bamba linalokaa juu ya mnara: likiwa jembamba kama kifuniko cha kopo, uzuri wa bomba la katikati hausaidii kitu.

Halafu kuna hii bahari yetu. Bomba la alumini na bolti za chuma katika hewa ya chumvi havipatani. Pale vinapogusana huanza unga mweupe, baadaye kutu, na siku ukitaka kufungua, bolti inakataa. Sisi tunapaka grisi kila uzi na kila bamba kabla ya kufunga. Tatizo kubwa zaidi ni zile stadi, bolti zilizotoka juu ya mnara na kufungwa nati. Gari lililolala nje Nyali au Tudor miaka kadhaa, nati zake zimeshika kutu, na fundi mwenye haraka akivuta kwa spana ndefu, stadi inakatika. Stadi ni sehemu ya mauntingi. Ikikatika, shokomzoba lazima ishuke, springi ibanwe, mauntingi nyingine inunuliwe. Kazi ya dakika arobaini imekuwa ya siku nzima. Tunazimwagia mafuta ya kulegeza kutu, tunakunywa chai, ndipo tunazigusa.

Nati ya katikati haiguswi kabisa. Hiyo ndiyo inayoshikilia shokomzoba na springi iliyobanwa, na ikifunguliwa ovyo inaweza kumjeruhi mtu. Kama fundi wako ameanza na hiyo, chukua ufunguo wako.

Baa tunaifunga gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyolala sawa, si kwenye jeki, ili minara iwe pale inapokaa siku zote. Nati zinakazwa kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha gari lenyewe; ni nati ndogo, haziombi misuli. Zile baa zenye sehemu ya kuzungusha katikati tunazungusha mpaka ulegevu uishe, tunaacha. Kuna wanaozikaza zaidi ili zisukume minara, eti gari likae imara. Bati haliwezi kukushukuru kwa hilo.

Kabla ya kushusha boneti tunaweka vidonge vya unga wa chapati juu ya baa, vimefungwa kwa plastiki, kisha tunaifunga boneti polepole na kuifungua tena. Kidonge kikibondeka kikawa karatasi, boneti itagusa kila ukipiga tuta. Kwenye Subaru zenye tabo, ile intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) iliyolala juu ya injini inataka baa ya umbo lake. Ya modeli nyingine hata ukiilazimisha itakula mipira ya hewa.

Mambo mawili huwa tunayasema mapema ili baadaye isiwe lawama. Ukigongwa mbele upande mmoja, baa inaweza kupeleka kishindo hadi mnara wa pili, na ukarabati ukapanda bei. Na mwenye bima kubwa aijulishe kampuni yake kuwa ameongeza kitu, kabla hajapata ajali.

Mwalimu tulimbadilishia bushi za mikono ya chini na linki zote mbili, gari likaenda alaimenti. Baada ya wiki mbili alipita akiwa njiani, hakushuka hata kwenye gari. Ngo-ngo haipo. Mpwa wake, yule wa Subaru, alikuja naye siku nyingine na akakubali gari lake lipigwe jeki. Bolijointi ya kulia, kiungo cha mkono wa chini na gurudumu, ilikuwa inacheza, mauntingi moja imepasuka, na baa yake nyekundu ilikuwa imefungwa kwa nati nne kati ya sita. Nikamuuliza alihisi tofauti gani siku aliyoiweka.

Akacheka. "Fundi, nikifungua boneti inapendeza."