Giza peke yake si huzuni

Mhariri,

Neno giza linatumika vibaya katika habari za misiba na ajali, na dawati la uhariri linaweza kulirekebisha kwa dakika chache. Kichwa cha habari kinasema "Familia yaachwa gizani", na msomaji hajui kama umeme umekatika, kama watu hawakupewa taarifa au kama kuna aliyefariki.

Giza ni ukosefu wa mwanga. Kwa mvuvi wa dagaa anayevua kwa taa, siku za giza ndizo za kazi, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa yake haivuti samaki. Hapo neno halina chembe ya huzuni. Anayesema "niliona giza" mara nyingi anaeleza kizunguzungu. Ili giza libebe uzito wa moyo, lipewe mwenzake: giza la simanzi, wingu la majonzi. Likiachwa peke yake, linarudi kwenye usiku.

Makosa mengi zaidi yamo katika upatanisho. Giza huchukua li-: giza limetanda, giza nene, giza totoro. Kiza, ambalo maana yake ni ileile, huchukua ki-: kiza kimetanda, kiza kinene. Yote mawili ni Kiswahili safi, lakini aliyeanza na moja asimalizie na jingine. "Giza kinene" ni mchanganyiko usio na mwenyewe. Kwenye vichwa vya habari, ambako -na- na -me- huachwa ili kuokoa nafasi, kosa hujitokeza waziwazi: sahihi ni Giza latanda, Kiza chatanda, Simanzi yatanda. "Giza yatanda" linatokana na mwandishi kufuta simanzi, kuweka giza, kisha kusahau kitenzi. Nomino hizi zikiunganishwa, kwa kuwa ngeli zake hazilingani, njia salama ni vi-: giza na simanzi vimetanda. Na kijiji hugubikwa na simanzi. "Kugubikwa kwa simanzi" hakuna.

Maneno ya huzuni nayo hayalingani uzito. Huzuni ndilo pana, linatosha hata kwa timu iliyofungwa. Simanzi ni nzito zaidi na humkalisha mtu kimya. Majonzi yanafaa sana msibani, tena huchukua ya-, kwa hiyo ni majonzi makubwa, wala si "majonzi kubwa". Kihoro ni kile kinachomshika aliyepotewa na kitu au mtu asiyeweza kumwacha, ndiyo maana watu husema fulani amekufa kwa kihoro. Hakifai kwa mashabiki wa mpira. Jitimai na ghamu ni tamu katika ushairi, lakini kwenye taarifa ya ajali ya basi zinamsimamisha msomaji pasipo sababu.

Neno linalohitaji uangalifu kuliko yote ni sonona. Sasa limeshika nafasi yake kama jina la ugonjwa: mtu hushukiwa kuwa nao pale hali ya moyo kuwa mzito, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, inapodumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa angalau wiki 2, ikiandamana na dalili nyingine kama kuharibika kwa usingizi, hamu ya chakula au umakini. Mwandishi anayesema "wakazi wapata sonona baada ya mafuriko" siku ya pili ya mafuriko ametangaza ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Aandike wana majonzi, au wamesononeka, kitenzi ambacho bado ni cha kila mtu. Kwa upande wa pili, mgonjwa aliyethibitishwa na daktari asiandikwe kuwa "yumo gizani" au "ana huzuni tu". Ana sonona, inatibika, na jamaa zake wanaosoma gazeti lenu wanahitaji kulikuta neno hilo limeandikwa wazi ili wajue pa kumpeleka.