Barua ya wazi kwa mheshimiwa: ile mashine ya chaji njia ya Lamu, mita iko wapi?

Mheshimiwa, asalaam aleikum.

Jina lako silitaji na ofisi yako siitaji. Wewe unajijua, na sisi watu wa Malindi tunakujua maanake ulikuja ukakaa chini ya hema ukatuambia mashine ya kuchaji magari ya umeme imeshafika nusu ya njia ya Lamu na kabla ya Ramadhani itakuwa inafanya kazi. Ramadhani imeingia imetoka. Nimengoja, nimepiga simu, nimekuja ofisini mara mbili nikaambiwa uko mkutanoni, nikarudi nikanyamaza. Leo sinyamazi tena kwa sababu ya yaliyomkuta mamangu Ijumaa iliyopita.

Mimi ni dereva, nabeba watu wa kwenda ndege Mombasa na wageni wa Watamu. Nilikuwa na Probox. Nikasikia 2019 ushuru wa magari ya umeme umeshushwa kutoka asilimia 20 hadi 10, nikasikia 2023 stima ya kuchaji magari imepewa bei yake, shilingi 16 kwa yuniti na usiku 8, nikasoma ule mpango wa taifa wa 2020 kwamba ikifika 2025 asilimia 5 ya magari yanayosajiliwa yawe ya umeme. Nikaamini. Nikauza Probox, nikaongeza mkopo, nikachukua Nissan Leaf, gari la umeme la betri ya kilowati-saa 40, mtumba wa Japani. Kwa Mombasa sina shida nayo, ni kilomita 120, natoka betri imejaa nafika na nikirudi nishachaji. Shida ni Lamu.

Hebu nikueleze hesabu yenyewe, pengine hukuwahi kuelezwa na mtu anayeendesha. Gari hili likiwa jipya, vipimo vya Marekani vinasema kilomita 243 kwa chaji moja. Langu si jipya, na betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji, inapozwa na upepo tu, na joto la pwani ndilo linaloila. Kwa hivyo mimi nikibeba watu wanne na AC imewashwa nahesabu kilomita 180 nikienda kasi ya 90, na nikishuka 70 labda kilomita 210, maanake kasi ikipanda upepo unakula chaji kuliko unavyofikiria. Ile namba ya dashibodi siiangalii, ni makisio ya vile ulivyoendesha hivi punde, ukikutana na kusi limekukabili inaporomoka mbele ya macho yako. Sasa Malindi mpaka Mokowe, pale tunapopandia boti za Lamu, ni kilomita 220 na kitu. Haifiki. Ni lazima kuwe na kituo katikati, na kituo cha katikati ni hicho chako, hakuna kingine.

Mashine ile ikiwa inafanya kazi na ina waya wa gari langu, ya moto mkali, yaani ya kuchaji haraka, ya kilowati 50, mimi nasimama nusu saa, watu wanywe chai waende msalani, naondoka. Kwa plagi ya ukutani saa moja inanipa kilomita 10, ikizidi sana 12. Nusu saa au masaa 6, mheshimiwa, hiyo ndiyo tofauti. Safari nzima imesimama hapo.

Jumatano niliipigia ofisi yako. Nikauliza, ile mashine inafanya? Nikaambiwa inafanya, njoo tu. Ndio nikapanga. Mamangu ana miaka 74 na mjukuu wake wa kwanza alikuwa anaolewa Amu, mji wa Lamu, nikaha Ijumaa baada ya Isha. Mgongo wake hauwezi basi. Nikamwambia mama usijali, nitakupeleka kwa gari langu, taratibu, na AC, saa 6 mchana uko Mokowe unapanda boti.

Tukatoka saa 12 na nusu asubuhi, asilimia 100, mama mbele, dadangu na wanawe wawili nyuma, halua na leso za bibi harusi kwenye buti. Nikaenda 90 na AC kwa sababu mashine yako ilikuwa ndani ya hesabu yangu. Shika hapo, mheshimiwa. Kama ningejua haipo ningekwenda 60 madirisha wazi, au ningemtafutia mama njia nyingine, au tungetoka Alhamisi tukalala njiani. Mashine mbovu inayosemwa ni nzima ni mbaya kuliko kutokuwa na mashine, kwa sababu ile isiyokuwepo hakuna anayeitegemea.

Mama njia nzima alikuwa akihesabu zile nguzo kubwa za chuma, ile laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai ikapita Malindi, Garsen, mpaka Lamu. Akaniuliza, mwanangu, stima yote hii yaenda wapi? Na hapa nyuma yetu Langobaya kuna mtambo wa sola wa megawati 40. Stima ipo, mheshimiwa.

Tukafika kituoni betri ina asilimia 38. Mashine nikaiona kwa mbali, imefungwa turubai la buluu na kamba ya katani, vumbi juu, na chini ya kivuli chake amelala mbuzi. Nikafungua kamba mwenyewe. Kioo bado kina ile plastiki ya kiwandani. Mlinzi, mzee wa watu, akaja akaniambia, kaka, hii haijawahi kuwaka hata siku moja, wanangoja mita. Mita! Transfoma iko pale hatua 20, nyaya zimeshachimbiwa, saruji imekauka, kinachokosa ni mita. Na hata ingewaka, waya wake ni mmoja tu wa CCS2, plagi ya aina ya Ulaya, na magari mengi ya mtumba wa Japani kama langu yanatumia CHAdeMO, plagi ya Kijapani, haziingiliani, kwa hivyo ningeitazama tu. Kituo sikitaji hapa kwa sababu sitaki mzee yule aje asumbuliwe kwa kusema kweli.

Tukaenda kwenye hoteli ya chai. Mwenyewe akatuhurumia, akatoa ekstensheni ya friji yake. Nikanunua tokeni za mia tano nikamwekea. Baada ya dakika 40 nikasikia harufu, nikashika plagi ikaniunguza kidole, plastiki ishaanza kulainika imegeuka rangi ya kahawia. Nikachomoa, ikabidi tumtafute jirani mwenye soketi nzuri. Saa 7 stima ikapotea mtaa mzima. Jumla tulipata kama kilomita 30. Mama amekaa kwenye benchi la mbao na mgongo wake ule, hasemi kitu, ameshika kile kikapu cha halua kisipate jua.

Tulingoja stima mpaka saa 10 na nusu. Haikurudi. Tukaondoka na chaji ya kilomita 98 kwa safari ya 113, nikasema angalau tufike Witu. Na wewe unaijua ile barabara, pale Nyongoro, Lango la Simba, watu wamekufa pale, si mahali pa kusimama na gari lililozima na magharibi inaingia. Nikaenda 60, AC nimezima, watoto wamelowa jasho. Ile alama ya kobe kwenye dashibodi, ya betri inayokaribia kuisha, nishaiona mara moja karibu na Mtwapa, gari linatambaa kama mtu mgonjwa, na Leaf huwezi kuivuta kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, unaharibu mota. Kila kilomita nilikuwa nasoma dua.

Witu tulifika saa 11 na nusu. Magari ya Mokowe yameshapita na usiku hakuna anayekubali kwenda. Mama mmoja wa pale, Mungu amlipe, akatupa chumba na soketi. Baada ya Isha dadangu akapiga simu Amu, akaweka spika. Mamangu alisikia vigelegele vya nikaha ya mjukuu wake kwenye simu, amekaa kwenye kitanda cha kamba nyumba ya watu. Akataka naye apige kigelegele, sauti ikakatika. Akajifunika leso uso, akalala.

Kwa nini mita haijaja miezi yote hii? Mimi nahisi ni kuvutana, aliyenunua mashine si yule anayeleta mita, na anayeleta mita anangoja karatasi ya mwenye kiwanja, na karatasi iko mezani kwa mtu. Kama iko mezani kwako mheshimiwa, itie sahihi. Kama iko kwa mwingine, wewe ndiye uliyetuahidi, mfuate.

Nilitaka kukuandikia mengi, taa za usiku, kivuli, mashine ya pili Witu, waya wa CHAdeMO, namba ya simu inayopokelewa na mtu anayesema kweli. Hayo yote nayataka bado. Lakini kwa sasa nakuomba moja. Leta mita. Na kama huwezi kuleta, basi waambie watu wa ofisi yako waache kutuambia inafanya.

Mama bado yuko Amu. Jumamosi ya wiki ijayo nakwenda kumchukua, nitapita hapo kituoni saa 2 asubuhi, nitasimama nifungue hilo turubai niangalie.

Ni mimi, dereva wa Malindi.