Malalamiko kuhusu betri ya haibridi iliyotiwa viraka

Malindi

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: BETRI YA GARI LA HAIBRIDI NA WARANTI MNAYOIKANA

Nililinunua gari hili la haibridi, linalotumia petroli pamoja na umeme wa betri, katika yadi yenu ya Mombasa, na nakala za stakabadhi na waranti ya mwaka mmoja nimeziambatanisha. Mlinihakikishia kuwa betri yake kubwa haina shida. Waranti haijaisha, lakini gari limelala uani, na wageni niliokuwa nikiwachukua uwanja wa ndege kuwapeleka Watamu sasa wanabebwa na wengine.

Dalili zilianza nikiwa njia ya Gede. Kipimo cha betri kwenye dashibodi kilikuwa kimejaa, mara kikashuka hadi vistari viwili, kisha kikajaa tena ghafla. Injini ikawa inanguruma hata nikisimama, na feni ya ubavuni mwa kiti cha nyuma haitulii. Taa ya hitilafu ilipowaka, skana, kifaa cha kusoma hitilafu za gari, ilitoa msimbo P0A80, yaani betri ya haibridi imechoka na inahitaji kubadilishwa.

Fundi wenu alibadilisha moduli 2 kati ya 20, yaani vipande vinavyounda betri hiyo, akafuta msimbo, akanikabidhi ufunguo. Hapo ndipo mliponiumiza. Moduli zimeungwa kwa mfululizo, umeme uleule unapita katika zote. Iliyo dhaifu ndiyo inayotangulia kuishiwa na kutangulia kujaa. Ukitia mbili zenye nguvu kati ya kumi na nane zilizochoka, zilizochoka zitaendelea kufa moja baada ya nyingine. Hayo si matengenezo. Msimbo ulirudi, nanyi mkanijibu kwamba betri ni kitu cha kuchakaa, na kwamba joto na vumbi la Malindi ndivyo vilivyoiua.

Kwamba joto hufupisha maisha ya betri, sibishi. Lakini nanyi mko pwani hii hii, na jua la kaskazi mnalijua. Mbona hamkuniambia kabla ya kupokea pesa zangu? Vumbi nalo silikubali: kichujio cha feni kilitolewa mbele ya fundi wenu kikakutwa safi. Tulichokiona sote wawili ni vipande vya shaba vinavyounga moduli, vimeshika kutu ya kijani hadi kwenye nati. Picha zimo humu.

Magari yanayoingia Kenya yanaruhusiwa kuwa na umri wa hadi miaka 8, kwa hiyo haibridi ya mtumba huja na betri iliyokwisha kufanya kazi. Ndiyo maana siku ya kununua niliomba vipimo vyake. Skana husoma volti za moduli jozi kwa jozi kwa dakika chache tu. Mimi nilionyeshwa rangi na kilomita.

Ibara ya 46 ya Katiba inanipa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya habari ninazohitaji ili nifaidike nazo. Nataka betri nzima yenye moduli zinazolingana, pamoja na vipimo vyake kwa maandishi, au mnirudishie pesa za kununulia nyingine. Gharama ya kulivuta gari hadi Mombasa ni yenu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Mtakapokuja kulichukua gari, nijulisheni mapema. Betri ikifunguliwa, nataka niwepo.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Malindi