Tumlipe mfugaji huyu, au tusubiri?

Ndugu Mshauri, salaam.

Mwaka jana nilinunua mtoto wa mbwa kwa bei ya kutupa. Muuzaji alinikabidhi kando ya barabara, akaapa kwamba ana wiki 8 na chanjo zote amemaliza. Mama yake sikumwona. Siku ya nne akaanza kutapika na kuharisha damu. Daktari wa mifugo akasema ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, akamtundikia dripu, lakini hakupona. Matibabu yalitugharimu kuliko mbwa mwenyewe, na binti yetu mpaka leo hataki bakuli lake liondolewe. Laiti ningejua kwamba mtoto wa wiki 8 hawezi kuwa amemaliza chanjo! Hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16 hivi.

Sasa nimempata mfugaji wa German Shepherd ambaye bei yake ni mara tano ya ile. Alinikaribisha kwake, nikamwona mama mbwa akinyonyesha. Akanionyesha picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili, kwa sababu mbwa wa aina hii husumbuliwa sana na nyonga. Jike hampandishi kabla hajatimiza miaka 2. Halafu akanihoji mimi: mchana mbwa atabaki na nani, uzio ukoje, tukisafiri itakuwaje. Anataka pia tuandikiane kwamba nikishindwa kumtunza nitamrudisha kwake, hata akiwa mzee. Yule wa barabarani simu yake haikupokelewa tena.

Mume wangu anasema tunalipia makaratasi. Hapo simkubalii, maana vipimo, chanjo, dawa za minyoo, na upasuaji jike akishindwa kuzaa, vyote vina gharama. Ila ana hoja nyingine inayoninyima usingizi: tukilipa bei hiyo, akiba yetu yote imekwisha, na mbwa akiugua hatutakuwa na cha kumpa daktari.

Mfugaji yuko tayari kutuwekea nafasi katika uzao ujao, ila anataka arubuni kabla mwezi haujaisha. Ana pia jike aliyekomaa ambaye ameacha kumzalisha, ambaye angetupa kwa bei nafuu zaidi. Binti yangu anataka mtoto wa mbwa, na nilishamwahidi.

Nitoe arubuni, nisubiri hadi tujipange upya, au nimchukue yule jike? Na kama ni jike, nimwelezeje binti yangu?

Mama wa binti mmoja