Barua kwa Rashidi wa Kindu, kuhusu kombora linalofuata joto

Lubumbashi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Rashidi,

Jambo sana. Salamu kwa mama watoto na kwa mzee. Sisi huku tuko. Mvua zimeanza, umeme umekatika tangu jana, nami nakuandikia kando ya mbabula, jiko letu la makaa, huku bukari ikisubiri maji yachemke.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Kwenye harusi ya mdogo wangu utakuja, unasema, ila kwa gari la moshi, hata likilala njiani siku ngapi, kwa sababu ndege hupandi. Nilitaka kucheka, halafu nikakumbuka. Tarehe 10 Oktoba 1998 ulikuwa hapo Kindu, mtoto wa miaka kumi na mmoja, ile Boeing 727 ya Congo Airlines ilipopaa, ikapigwa kombora na kuangukia msituni na watu 41. Mimi habari hiyo niliisikia redioni tu. Kwa hiyo sicheki. Lakini mwishoni umeuliza, "kile kitu kilikuwa kinaionaje ndege?" Hilo ni swali la fizikia, na ukimwuliza mwalimu wa fizikia swali la fizikia umejitakia mwenyewe.

Sogeza kiganja karibu na mbabula. Hata makala yakifunikwa na majivu, wekundu usionekane, kiganja kinajua moto uko wapi. Joto lile ni nuru, ila si nuru ya macho yetu. Wako nyoka wenye vishimo usoni vya kuihisi, wanamkamata panya gizani. Wamarekani walipotengeneza kombora la ndege za kivita linalofuata joto, miaka ya 1950, walilipa jina la nyoka wa ukoo huo, Sidewinder. Kisha wakataka jicho kama lile alibebe askari mmoja begani. Likaja Redeye, maana yake jicho jekundu, likaingia jeshini mwishoni mwa miaka ya 1960. Wasovieti nao walikuwa na Strela-2 kufikia 1968. Strela ni mshale. Ilitoka kwenye ofisi ya usanifu ya Kolomna, ambako jina kubwa ni la mhandisi Sergey Nepobedimy, na hilo jina lake la ukoo kwa Kirusi ni "asiyeshindika". Sikulitunga mimi.

Bomba la kurushia pamoja na kombora lake havizidi sana kilo 15. Gunia la makala analobeba kijana wa sokoni ni zito kuliko hapo.

Sasa, macho hayo ya kwanza yalikuwa mabovu, na hapa ndipo ninaponogewa. Yaliweza kuona kitu chenye moto mkali tu, yaani mdomo wa injini kwa nyuma. Ndege ikikujia usoni, jicho halina habari nayo. Unangoja ikupite, ikiwezekana baada ya kukumwagia mabomu, ndipo uifukuze. Halafu kuna jua. Kombora likielekezwa karibu na jua liliweza kuiacha ndege na kulifuata jua lenyewe. Wanafunzi wangu nikiwafikisha hapo, somo limekwisha: darasa zima linaliona kombora likipanda kwenda kulipiga jua, mpaka mafuta yanaisha.

Ubovu huo ulikuwa na sababu. Chombo cha kuhisi joto, kikiwa na joto lake chenyewe, ni kama mtu anayepiga ngoma kwa nguvu na kutaka kusikia ngoma ya kijiji cha pili. Dawa ni kunyamazisha ngoma yako. Waliokuja baadaye walikipoza chombo kwa gesi hadi baridi kali, na kikipoa kinaanza kusikia hata joto hafifu la mwili wa ndege unaosuguana na hewa. Hivyo Stinger, kombora la begani la Marekani lililoingia kazini 1981, liliweza kuikabili ndege hata inapokuja mbele. Wasovieti wakajibu kwa Igla, yaani sindano.

Marubani nao hawakulala. Kule Vietnam, Strela zilipofika mwaka 1972, Wamarekani waligeuza bomba la moshi la helikopta zao likatazama juu, ili pangaboi liutawanye moshi wa moto. Wengine wakawa wanadondosha mienge inayowaka, jicho lipotee njia. Basi mafundi wakafundisha jicho kulinganisha rangi mbili za nuru isiyoonekana, maana mwenge na injini haviwaki rangi moja. Mpaka leo ni mbio hizo hizo.

Unajua gari lako la moshi litapita Kamina? Kuanzia 1986 Marekani iliwapa waasi wa UNITA wa Angola Stinger, na silaha za UNITA zilikuwa zikipitia kambi ile ya ndege ya Kamina, kwetu Katanga. Mwaka huo huo, Septemba, Stinger za kwanza walizopewa wapiganaji wa Afghanistan ziliangusha helikopta tatu za Wasovieti karibu na Jalalabad. Vita vilipoisha CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ikazunguka na pesa kuzinunua tena zilizobaki. Kugawa hakukuwa na kazi, kazi ilikuwa kurudishiwa.

Turudi Kindu. Boeing 727 ina injini tatu, zote mkiani. Kwa kombora la joto mkia ule ni mbabula tatu zilizopangwa pamoja. Waasi wa Kongo walioipiga walisema imebeba askari, shirika likasema ni raia, wengi wanawake na watoto. Jicho halisomi orodha ya abiria.

Nikuambie na lingine. Makombora haya hufika kilomita tatu, nne, tano hivi kwenda juu. Ndege ikishafika kilomita kumi hayaifikii. Hatari ni wakati wa kupaa na kutua. Najua hilo halikutulizi, maana yenu ilipigwa wakati wa kupaa. Lakini hata likigonga si lazima yaishe. Novemba 2003, pale Baghdad, ndege ya mizigo ya DHL ilipigwa bawa la kushoto, bawa likawaka, usukani wote ukafa. Rubani na wenzake wawili wakaiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini tu, wakatua, wakatoka hai wote watatu. Mwaka mmoja kabla, Mombasa, makombora mawili yaliikosa ndege ya abiria kabisa.

Sikulazimishi. Ukishuka uwanja wa ndege wa Luano nitakuja kukupokea, ukishuka stesheni pia nitakuja, ila unitajie siku mapema, maana na mimi nina mitihani ya kusahihisha. Na mchele wa Kindu usiusahau. Mama ameshauliza mara mbili.

Maji yamechemka, acha nisonge bukari.

Ndugu yako,
Mwalimu