Cha mwezi, cha wiki na cha leo: namna ya kununua mahitaji bila kurudi dukani mara nne kwa siku

Jamani leo tuongee kidogo kuhusu hizi safari za dukani. Sisi tunauza mahitaji ya nyumbani hapa Mwanga, Kigoma mjini, na tunawaona watu walewale wakija asubuhi kuchukua sukari robo, mchana mafuta ya kupima, jioni unga kilo moja na kiberiti, alafu saa mbili usiku mtoto anatumwa mbio sababu chumvi imeisha na mboga iko jikoni. Kibiashara hatulalamiki, ukija mara nne tunauza mara nne. Ila wengi wenu mnatuuliza mbona hela ya matumizi haifiki tarehe za mwisho wakati bei hazijapanda kiivyo, na jibu kwa sehemu kubwa liko hapohapo kaunta, kwenye vipimo vidogo.

Chukua sukari. Tuseme kilo ni 3,000, robo ilitakiwa iwe 750, lakini nani ana hamsini ya chenji siku hizi, kwaiyo robo inauzwa 800 na hakuna anayeuliza. Robo nne tayari ni 3,200. Mia mbili sio kitu, sawa, lakini nyumba inayomaliza kilo moja kwa wiki ikinunua robo robo mwaka mzima imeacha 10,400 dukani, hela ya kilo tatu na zaidi za sukari hiyohiyo. Na sukari ndio afadhali. Mafuta ya kupima ndio kuna maneno, sababu kile kikopo cha 500 kila duka lina chake, tuseme lita ni 6,000 na kwenye lita moja mwenye duka anatoa vikopo 14, hapo wewe umenunua lita kwa 7,000, alafu kuna yale yanayobaki kwenye kikopo na kwenye faneli ambayo hayafiki kwenye chupa yako. Tunasema haya na sisi tunapima mafuta hivyohivyo, mteja akija na mia tano tutampimia, hatumfukuzi. Ila mjue hesabu yake.

Sasa mtu akisoma hapo atasema basi suluhisho ni kununua vyote kwa mwezi. Hapana, hapo ndio watu wanapotea upande wa pili. Mtu anapata mshahara, anakuja anabeba mafuta dumu la lita tano, sukari kilo tano, sabuni, mchele, kila kitu, na tarehe 18 amerudi. Dumu likiwa limejaa mkono unakuwa mwepesi, kisamvu kilichokuwa kinaungwa kwa vijiko viwili kinaungwa kwa kumimina. Sukari kwenye nyumba yenye watoto na chai ya jioni haina mwezi. Na majirani wakishajua kwako kuna mzigo, kikombe kinakuja kuazima na hakirudi kikiwa na kitu, hilo hatuna dawa nalo.

Kwaiyo sisi ushauri wetu ni ugawe mahitaji kwa namna yanavyokaa na namna yanavyoliwa, usigawe kwa mshahara unaingia lini. Kuna cha mwezi, kuna cha wiki, kuna cha leo, na kosa kubwa tunaloliona ni kitu cha kundi moja kununuliwa kama cha kundi jingine.

Cha mwezi ni kile kinachokaa bila kuharibika na ambacho hakuna mtu atakila zaidi eti kwa sababu kipo kingi. Chumvi ndio ya kwanza kabisa, chumvi yenyewe inatoka Uvinza hapo jirani, hakuna sababu ya mtu wa Kigoma kutuma mtoto usiku kwa ajili ya chumvi. Sabuni ya kufulia, kiberiti, majani ya chai, maharage, mchele kama bajeti inaruhusu. Maharage nunua mara baada ya mavuno yanapoingia kwa wingi kutoka Kasulu na Manyovu, hapo bei iko chini, na ukitaka kuweka mengi nunua ile mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu, mbili za nailoni ndani na kiroba nje. Unajaza maharage yaliyokauka vizuri, unatoa hewa yote, unafunga kila tabaka peke yake, wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa yoyote. Lakini usiwe unaufungua kila siku, ukiufungua umerudisha hewa. Toa ya wiki mbili weka kwenye ndoo, funga tena. Mtu anafungua kila jioni alafu anakuja kutuambia mfuko feki.

Sukari na mafuta ya kupikia kwetu ni cha wiki, hata kama hela ya mwezi unayo. Ukinunua kwa jumla ili upate bei, sawa, nunua, ila mzigo ukae stoo na jikoni kiende kikopo cha wiki tu, kikiisha kabla ya Jumamosi mnajua mmezidisha wapi. Vitunguu navyo cha wiki, vikae kwenye kikapu panapopita hewa, sio kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mawese yanahitaji maneno yake maana kila kiangazi tunapata kesi ileile. Mteja amenunua mawese mazuri, asubuhi anakuta yameganda nusu, mazito chini na mepesi yanaelea juu, anarudi amekasirika kwamba tumechanganya na kitu. Mama, mawese ndivyo yalivyo, kwa hali ya hewa ya kawaida tu hapa kwetu yanaganda kiasi, na baridi ya Juni na Julai ndio kabisa. Weka dumu juani kidogo yatarudi. Kinachoharibu mawese ni maji na mwanga, kwaiyo chombo kiwe kikavu kabisa, kifunikwe, kikae gizani. Na tunaomba sana usije na chupa ya mdomo mwembamba, yakishaganda humo utaipiga makofi asubuhi nzima na mboga inaungua, njoo na kopo au ndoo ndogo ya mdomo mpana uchote kwa kijiko.

Unga wa muhogo huo watu wengi wanakosea. Ukishasagwa unashika unyevu na unashika harufu, ukiuweka karibu na sabuni ya unga au mafuta ya taa ugali unakuja na harufu hiyohiyo mezani. Afadhali uweke makopa, yaani vile vipande vya muhogo mkavu kabla ya kusagwa, yakiwa yamekauka ukiyavunja yanalia kaa!, upeleke mashine kiasi cha wiki moja au mbili. Makopa ya kiangazi ni meupe na safi, ya masika mara nyingi yanakuja na madoa meusi ya ukungu na sisi hayo hatuchukui hata yakiletwa kwa bei ya kutupa.

Dagaa sasa. Hapa ndio Kigoma penyewe na hapa kalenda ya simu yako haikusaidii, angalia mwezi wa juu. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa, mvuvi anawasha taa dagaa wanaifuata anawazungushia nyavu, sasa mbalamwezi ikiwa imejaa taa inakosa nguvu maana ziwa lote lina mwanga, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wengi wanapumzika. Zile siku za mwezi mpevu dagaa wanakuwa wachache na bei inapanda, giza likirudi mitumbwi inatoka na dagaa wanajaa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga. Mtu anayenunua dagaa wa mwezi mzima siku ya mshahara bila kuangalia angani anaweza kuwa amenunua siku za bei mbaya kuliko zote. Subiri giza, nunua, kausha au nunua waliokaushwa, weka. Na wakati wa mvua dagaa wabichi hawakauki vizuri kwaiyo wa kuweka akiba wachukue kiangazi.

Na waliokaushwa sio sawa wote. Wale wa kichanja, waliokaushwa juu ya nyavu zilizoinuliwa kutoka chini, hawana mchanga. Waliokaushwa chini ufukweni ni bei nafuu ila utaosha mara tatu na bado jino litakutana na kokoto. Chukua kiganja kimoja, sugua kidogo juu ya karatasi nyeupe, utaona chenyewe kinachodondoka. Muuzaji akikataa usisugue, nenda meza ya pili.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, nyumba zilizokuwa na dagaa wakavu kwenye ndoo hazikuhangaika kama zile zinazonunua sahani kwa sahani. Kwaiyo ndoo moja ya dagaa waliokauka vizuri ni cha mwezi, hata miezi. Dagaa wabichi, migebuka na kuhe ni cha leo, na hivyo sisi hatuuzi, nenda mwaloni asubuhi mitumbwi ikiingia. Ila piga hesabu ya boda. Kwenda Kibirizi na kurudi kwa ajili ya samaki wa mlo mmoja, nauli inaweza kula punguzo lote. Nenda na jirani, mgawane boda na mgawane mzigo.

Nyanya, mboga za majani, ndizi mbivu, hivyo ni cha leo au cha kesho na hatuna mengi ya kusema, wenyewe mnajua. Fungu tu angalia la chini, wanapanga nzuri juu.

Tuje kwenye listi. Kitu kinachopoteza hela na muda kuliko hata vipimo vidogo ni ujumbe wa mdomo. Mtoto anafika kaunta na elfu kumi kaikunja mkononi imelowa jasho, anaanza vizuri, "mama kasema sukari nusu, na mche wa sabuni, na..." hapo anaangalia dari. Tunamtajia, majani? hapana, kiberiti? hapana, mafuta? anasema ndio kwa sauti ya mtu asiyejua. Anabeba mafuta, dakika kumi amerudi nayo, ilikuwa ni ngano. Mpe karatasi. Hata ukiandika kwenye kipande cha boksi la sabuni, mradi kuna kitu, kiasi chake na hela uliyompa, maana chenji nayo ina safari zake.

Na hiyo listi usiandike ukiwa umeshafika dukani huku unaangalia mashelfu yetu, hapo tunakuandikia sisi bila kusema neno. Iandike ukiwa jikoni umefungua makopo, na anza na milo, sio na bidhaa. Wiki hii tutakula nini, maharage mara ngapi, wali lini, alafu ndio unajua mafuta kiasi gani. Mtu akianza na bidhaa anaandika "mchele" kwa mazoea wakati kilo tatu ziko nyuma ya ndoo. Kuna mteja wetu mmoja bibi wa Ujiji haandiki kabisa, ana makopo yake kayachora mstari kwa rangi ya kucha, kitu kikishuka chini ya mstari kinaingia kwenye safari inayofuata. Hatujawahi kumuona akirudi siku hiyohiyo.

Mfuko pia weka kwenye listi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019 watu bado wanakuja mikono mitupu na kununua mfuko mbadala kila safari, hizo mia mia nazo ni hela. Kikapu cha ukindu kinakaa miaka.

Kwa upande wetu tumeanza kufungasha kwa listi. Unatuma listi kwa WhatsApp jioni, au unaileta, tunapima, tunakuandikia bei ya kila kitu na jumla kabla hujalipa, ukiona imezidi unatuambia toa hiki punguza kile, asubuhi unakuta mzigo umefungwa na karatasi yake juu. Tunapima mbele yako ukitaka, mzani una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, iangalie, na sio kwetu tu, iangalie kila unaponunua. Boda wa kuleta nyumbani tunakuitia, nauli mnaelewana wenyewe.

Na kwa wale wa hela ya siku, mvuvi, mama lishe, boda, ambao tukiwaambia nunua cha mwezi wanacheka maana mwezi wao unaingia elfu mbili elfu mbili, tuna daftari la kuweka. Unaacha chochote ulichonacho, 500, 1,000, tunaandika kwenye daftari letu na kwenye lako, mwisho wa mwezi unachukua mzigo kwa bei ya jumla badala ya kupimiwa. Masharti ni mawili, bei ni ya siku unayochukua sio ya siku uliyoanza kuweka, kwaiyo ikipanda imepanda na ikishuka ni yako, na anayechukua aje na daftari lake, hata kama ni mume wako na tunamfahamu, bila daftari hatumpi.