Mjomba, uliondoka kabla hajaharibu

Shikamoo Mjomba,

Najua hupendi mambo yako yasemwe mbele za watu, ndiyo maana jina lako silitaji. Ila nakuandikia hadharani kwa sababu kila nikigusia habari za chama chetu cha wachoraji unageuza mazungumzo, na kwa sababu tangu Jumamosi ile nimekutana na wengine waliokimbia kama wewe. Nao wasome.

Uliondoka wakati wa mapumziko ya lile onyesho, ambapo mchoraji anachora mbele yetu nasi tunatazama. Nilirudi ukumbini nikakuta kiti chako kitupu, nikadhani umetoka kupunga hewa. Jioni ndipo uliponiambia: "Yule mama ni fundi. Kwa saa moja kashusha anga na ziwa kwenye karatasi. Mimi nije kufanya nini pale, kuwaharibia watu karatasi?"

Mjomba, ungebaki dakika ishirini tu ungemwona akiliharibu lile anga.

Ilikuwa hivi. Anga alilipiga rangi muda mfupi kabla ya mapumziko. Aliporudi akaona mawingu ya upande mmoja yamepauka, kwa maana rangi za maji ndivyo zilivyo, zikikauka hufifia, na hata wazoefu husahau. Akachovya brashi aongeze buluu kidogo. Karatasi ilikuwa imeacha kung'aa lakini ndani bado ina unyevu, na brashi ilibeba maji mengi kuliko karatasi. Yale maji yakatambaa, yakasukuma chembe za rangi mpaka pembeni, na muda si mrefu katikati ya anga pakachanua doa lenye kingo zilizokatikakatika kama ramani ya kisiwa. Ukumbi mzima kimya. Unajua alifanya nini? Aliweka brashi chini akakalia mikono yake, kweli kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. "Likikauka tutaona," akasema. "Nikiligusa sasa, litakuwa mawili."

Kwangu mimi somo la siku ile lilikuwa hapo. Ile saa ya kwanza iliyokutisha ilikuwa ya kutufurahisha tu.

Akatueleza hatua za unyevu. Karatasi ikiwa inang'aa, rangi hukimbia ipendavyo na mawingu laini huzaliwa hapo. Mng'ao ukiondoka lakini ukigusa kwa mgongo wa kidole unahisi ubaridi, hapo ndipo pa hatari, weka mikono mbali. Ubaridi ukiisha, karatasi imekauka na unaweza kupitisha rangi ya pili juu ya ya kwanza. Haya unaweza kuyasoma mahali, lakini ubaridi wa karatasi hausomeki. Alipitisha kipande kwa kila mtu tukigusa kwa zamu. Chako kilipita hewani, kiti kilikuwa kitupu.

Nadhani kosa letu ni kutazama onyesho la mchoraji kama tunavyotazama kiinimacho, macho yote kwenye picha inayotokea. Mimi nilifanya hivyo karibu mwaka mzima, nikarudi nyumbani kila mara nimefurahi na sijui chochote. Siku hizi natazama mambo ya kando. Brashi inapoingia kwenye maji inafutwa mara ngapi kwenye kitambaa? Anapochanganya rangi anafanya dimbwi kubwa au tone? Anasogea nyuma baada ya muda gani? Na zaidi ya yote natazama anapokuwa hafanyi kitu. Mchoraji mzuri hukaa bila kuchora muda mrefu kuliko unavyodhani, anafinya macho hadi yawe nusu, vitu vidogo vinapotea anabaki na mabaka ya kiza na nuru. Ukifinya macho hivyo mbele ya mti, hutaona majani, utaona umbo moja zito na sehemu mbili tatu zilizopigwa na mwanga. Basi unachora hizo.

Halafu kuna kile kioo kikubwa kinachoning'inia juu ya meza yake kwa mshazari. Ulikaa chini yake bila kukitumia. Kioo kile hutuonyesha meza kana kwamba tumesimama nyuma ya bega lake, isipokuwa kinageuza kulia kuwa kushoto. Sisi wa mkono wa kulia kinatusumbua, kila kitu lazima tukigeuze kichwani. Wewe ni mashoto. Ndani ya kioo kile mkono wake ni wa kushoto kama wako, na kila anavyoinamisha brashi ndivyo utakavyoinamisha wewe. Katika ukumbi mzima ulikuwa miongoni mwa wachache waliotengewa kiti cha heshima, nawe ukaondoka.

Sasa, onyesho ni jambo moja, warsha ni jingine, na nadhani uliyachanganya. Kwenye onyesho unakaa unatazama. Kwenye warsha kila mtu ana meza yake, karatasi yake, na aibu yake. Hakuna anayekutazama, Mjomba, kila mmoja ana moto wake wa kuzima. Jirani yangu wa warsha iliyopita alichora uso wa mwanawe ukatoka kama wa mzee wa miaka sabini. Tulicheka mpaka mwalimu akaja kuuliza kuna nini, kisha akatuonyesha kwamba tatizo ni mistari miwili tu kando ya pua, iliyokolezwa mno. Akaifuta kwa kifutio, mtoto akarudi. Mimi nimeshasoma mara nyingi kwamba nyuso za watoto hazitaki mistari. Nilielewa siku ile.

Nisikufiche, zipo warsha nisizozipenda. Kuna zile ambazo mwalimu anasema weka buluu hapa, sasa kahawia pale, na jioni tunatoka na picha ishirini zinazofanana kama mapacha. Watu huzipenda kwa sababu wanarudi nyumbani na kitu cha kutundika. Mimi nazikwepa. Kuna na wageni wanaokuja kutuonyesha ufundi lakini nusu ya muda wanasifia brashi wanazouza. Hizo nenda ukitaka, kaa karibu na mlango.

Umesema pia umri umekwenda. Winston Churchill alianza kuchora mwaka 1915 akiwa na miaka 40, ametoka tu kuondolewa kwenye uongozi wa jeshi la majini la Uingereza, moyo umevunjika. Alisimama mbele ya turubai jeupe la kuchorea akiwa na brashi ndogo, akagusa kidoa cha buluu, akaganda. Akatokea Hazel Lavery, mchoraji aliyeolewa na mchoraji, akamwomba brashi, tena ile kubwa, akaichovya akapiga mapigo mazito ya rangi katikati ya turubai lile. Turubai halikulia. Tangu hapo Churchill hakuliogopa tena, akachora mpaka uzeeni na kuacha picha mamia. Hilo nalo lilikuwa onyesho, la dakika moja, na aliyeonyeshwa hakutoka kabla halijaisha. Najua utasema wewe una zaidi ya 40. Basi mkumbuke Grandma Moses wa Marekani, aliyeshika uchoraji kwa dhati alipokuwa na miaka zaidi ya 70, mikono ilipoanza kumuuma na sindano ya kudarizi ikawa haishikiki.

Kuhusu gharama ya vifaa, kwa kweli uliona meza ya yule mama ukaogopa bure. Rangi tatu zinatosha kuanza: nyekundu, njano na buluu. Soma tyubu kwa nyuma, kuna herufi na namba ndogo zinazotaja rangi iliyomo hasa. PB29, kwa mfano, ni ultramarini, buluu iliyokolea. Ukikuta namba moja tu, rangi hiyo haijachanganywa na nyingine, na ukiichanganya mwenyewe haitageuka tope haraka. Ultramarini hiyo zamani ilitokana na jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Afghanistan, na wachoraji wa Ulaya waliiweka akiba kwa vazi la Bikira Maria kwa jinsi ilivyokuwa ghali. Miaka ya 1820 wakaipata njia ya kuitengeneza kiwandani. Kwa hiyo hapo tumebahatika. Pesa yako ipeleke kwenye karatasi, usiibane. Ya gramu 300 kwa mita ya mraba haikunjamani sana ukiilowesha. Ya kuandikia barua itajikunja kama jani kavu, nawe utajilaumu mwenyewe kumbe kosa ni la karatasi.

Nimesahau kukwambia: kwenye warsha za rangi za mafuta kuna pipa la chuma lenye mfuniko la kutupia vitambaa. Usicheke. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kuachwa kwenye lundo hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Wewe uliyefanya kazi kwenye karakana ya useremala miaka yote ile unalijua hilo kuliko sisi, na juzi wawili kati yetu walivitupa kwenye kikapu cha karatasi. Tunahitaji mtu wa kutukaripia.

Jumamosi ijayo ni warsha ya kiza na nuru, penseli na mkaa tu, rangi haziguswi. Ndiyo maana nimeichagua hiyo. Bado nina kile kipande cha mbao ulichonichorea kabati kabla ya kulitengeneza, lenye mlango mmoja wazi na kivuli kikiingia ndani ya rafu. Nimekionyesha kwa mwalimu bila ruhusa yako, unisamehe. Alikigeuzageuza, akauliza ulitumia penseli gani ukapata mstari mnene na mwembamba kwa mkono mmoja. Nikamwambia ni ile bapa ya seremala, inayochongwa kwa kisu. Ameniomba uje nayo, na uje na kisu pia, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu anayejua kuichonga.

Tunaanza saa tatu. Nitakupitia.